Moyo Unaposemeshwa: Kujitafuta katika Al-Inkishafi na Kichwamaji

Tuzungumzapo habari za utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, vyakula, uchongaji na mila za arusi na matanga. Mambo hayo yanaonekana kwa macho na yanaweza kuwekwa katika jumba la makumbusho. Lakini kila jamii ina pia desturi zake za ndani, na mojawapo ni namna mtu wa jamii hiyo anavyokaa na nafsi yake na kuihoji wakati mambo ya dunia yamemvurugikia. Desturi hiyo haipigiki picha. Mahali inapohifadhiwa ni katika lugha, na hasa katika fasihi. Ndiyo maana tumeona inafaa kuijadili katika mkusanyiko huu.

Tutatazama kazi mbili zilizoachana kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Ya kwanza ni Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, lililotungwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Ya pili ni Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Mshairi wa kwanza alikuwa sharifu, Mwislamu mcha Mungu, mtu wa mji wa mawe uliojengwa kisiwani katika pwani ya kaskazini ya nchi ambayo leo ni Kenya. Kezilahabi (1944–2020) alikuwa mwana wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni vigumu kupata waandishi wawili wa Kiswahili walio mbali zaidi mmoja na mwenziwe. Kinachowakutanisha ni kwamba kila mmoja aliandika wakati utaratibu wa zamani umevunjika na mpya haujaeleweka, na kila mmoja alimchukua mtu mmoja, akamsimamisha mbele yetu na kumwacha ajiulize yeye ni nani na anakwenda wapi.

Madarasani kazi hizi zimepatwa na bahati inayofanana. Al-Inkishafi limetiwa katika fungu la mashairi ya dini, na mwanafunzi akishaandika kwamba dhamira yake ni kuonya kuwa dunia hudanganya, huhesabiwa kuwa amemaliza kazi. Kichwamaji nayo imetiwa katika fungu la vitabu vya kukata tamaa. Baadhi ya wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, waliotaka fasihi iwe silaha ya kujenga jamii mpya, walimlaumu Kezilahabi kwa kumwacha mhusika wake aangamie bila kumwonyesha msomaji njia. Na walimwona mtu anayejiuliza maswali ya nafsi kuwa ni mtu aliyeshiba ambaye hana la kufanya. Lawama hiyo ilikuwa na sababu zake, wala hatuidharau. Nchi iliyokuwa ikipigana na ujinga, maradhi na umaskini haikuwa na nafasi kubwa ya kumsikiliza kijana msomi akinung'unika kwamba maisha hayana maana. Lakini lawama ile ilisahau kwamba wajenzi wa nchi nao wana nafsi, na mtu aliyepotewa na nafsi yake hujenga ovyo hata akiwa na ari kubwa namna gani.

Tunavyoona sisi, tofauti iliyo muhimu baina ya kazi hizi mbili haiko katika imani na ukosefu wa imani, wala katika matumaini na kukata tamaa. Iko katika jambo la sarufi, jambo dogo ambalo msomaji anaweza kulipita bila kulitambua. Mshairi wa Pate anapojitafuta anasema "wewe". Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji, anasema "mimi". Mengi ya yatakayofuata hapa ni ufafanuzi wa tofauti hiyo, kwa sababu tunaamini kwamba ndani yake mna jambo linalowahusu vijana wetu kuliko orodha ndefu ya dhamira.

Tuanze na Pate. Katika karne za 17 na 18 mji huu ulikuwa miongoni mwa miji yenye nguvu na utajiri katika upwa wote wa Waswahili. Ulikuwa na biashara ya ng'ambo, na matajiri wake walijenga nyumba za ghorofa kwa mawe ya matumbawe, zenye kuta zilizopakwa chokaa na kutobolewa vidaka vya kuwekea vyombo. Kisha mambo yakageuka. Ugomvi wa kurithi ufalme uliugawa mji, vita na majirani vilimaliza mali na watu, na biashara ikahamia kwingine. Mnamo mwaka 1813 hivi, Pate ikishirikiana na Wamazrui wa Mombasa ilipigana na Lamu huko Shela, ikashindwa vibaya; na Lamu, kwa kuhofu kisasi, ikajitia chini ya ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Tangu hapo Pate haikuinuka tena. Sayyid Abdallah aliishi katika kipindi hicho cha kuporomoka. Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, na mji uliokuwa ukianguka ulikuwa mji wa jamaa zake.

Neno inkishafi lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kufunuka kwa jambo lililokuwa limefunikwa. Shairi lenyewe lina karibu beti themanini. Watu wengi huliita utenzi, lakini kwa kanuni za arudhi halifanani na utenzi wa kawaida wenye mizani minane. Kila mshororo hapa una mizani kumi, na sauti hupumzika baada ya mizani sita. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti ina kina kimoja, na wa nne daima huishia kwa silabi "-ye". Tunawaomba walimu wasiipite silabi hii haraka. Katika lahaja za kaskazini, yaani Kiamu na Kipate, "-ye" ndiyo alama ya kitendo kilichokwisha kutendeka na ambacho matokeo yake yangalipo. Ni sawa na "-me-" ya Kiswahili sanifu. Kwa hiyo beti nyingi hufungwa kwa kitenzi kinachosema kwamba jambo fulani limekwisha kuwa hivyo na limebaki hivyo. Mtu anayelisikia shairi likisomwa kwa sauti hupigwa na neno hilo la mwisho, ubeti baada ya ubeti, kama mtu anayefunga milango ya nyumba moja moja. Mshairi hakuwa na haja ya kutuambia kwamba ana huzuni. Kina kimemfanyia kazi hiyo.

Baada ya kumsifu Mungu na kumswalia Mtume, kama ilivyo ada ya watunzi wa pwani, mshairi anaugeukia moyo wake na kuanza kuusemesha. Anauita kama mtu amwitavyo mwenzake aliyelala wakati nyumba inaungua. Anauuliza kwa nini hauzinduki. Anauonyesha kwamba dunia ni bahari yenye mawimbi na miamba, ni taa iliyowekwa penye upepo, ni mangati yanayomdanganya mwenye kiu. Katika haya yote yeye na moyo wake ni wawili. Mmoja anasema, mwingine anasemwa. Mmoja ameona, mwingine anakataa kuona. Wahenga walisema kuwa moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kuwaonya watu wasiwaamini wengine upesi. Sayyid Abdallah anaonekana kuichukulia kwa upande wa pili: moyo wake mwenyewe ndio mwenzake, nao ndio msitu.

Namna hii ya kujigawa mara mbili ina faida kubwa. Mtu aliye mmoja tu hawezi kujikosoa, kwa maana hana mahali pa kusimama ajitazame. Akijigawa, nusu yake huweza kuwa mwalimu na nusu kuwa mwanafunzi, nusu mdai na nusu mdaiwa. Tena lugha ya mshairi kwa moyo wake si ya matusi wala ya kubembeleza. Anaukemea, kisha anaushauri, kisha anauuliza tena kwa upole, kama mzazi afanyavyo kwa mtoto mkaidi ambaye hawezi kumtupa. Kutotupana huku ni jambo la kulizingatia, kwa sababu tutalikosa tukifika Ukerewe.

Lakini maneno peke yake hayausadikishi moyo, na mshairi analijua hilo. Anahitaji ushahidi, na ushahidi wake ameuchukua mtaani. Anaupeleka moyo wake katika majumba ya wakuu wa Pate. Kwanza anauonyesha yalivyokuwa: taa za fuwele na za shaba ziking'aa hata usiku ukawa kama mchana, vyombo vya kauri vimepangwa katika vidaka, vitanda vya fahari, na wenyewe wamelala wakikandwa, wakipepewa na kutumbuizwa kwa nyimbo. Halafu anauonyesha yalivyo sasa. Katika vidaka vya sahani wamelala makinda ya ndege; bundi analia katikati ya nyumba; mende wanavuma vyumbani na nyenje wanalia kumbini. Anauliza wako wapi watu hao, na anawataja baadhi yao kwa majina. Mmoja wa hao ni Ali bin Nasir, jina lilelile ambalo mshairi analibeba katika nasaba yake mwenyewe.

Hapo ndipo tunapoona kwamba wanaoliita shairi hili la kukimbia dunia hawakulisoma sawasawa. Mtu anayeikimbia dunia hahesabu vidaka. Sayyid Abdallah anaitazama dunia kwa jicho la mtu aliyeijua na kuipenda, anayeweza kukwambia taa ilikuwa ya nini na nyenje analia chumba gani. Njia yake ya kuifikia nafsi inapita katika historia ya mji wake, katika kuta ambazo msikilizaji wake angeweza kwenda kuzigusa kwa mkono. Laiti angetuambia tu kwamba mali hupita, tungemjibu kwamba tumekwisha kusikia. Anatuingiza katika sebule tupu, na hatuna la kujibu.

Kuna lawama moja juu ya shairi hili ambayo ni nzito zaidi, nayo inastahili jibu. Wale waliokuwa wakiwakanda na kuwapepea matajiri walikuwa nani? Msomaji anayeijua historia ya pwani anajua kwamba fahari ile ilisimama juu ya migongo ya watumwa. Wakuu wana majina katika shairi, wapepeaji hawana. Mtu anaweza kusema, na wamesema, kwamba machozi haya ni ya tabaka moja linalolilia vitanda vyake. Sisi tunakubali kwamba jicho la mshairi lina mipaka ya mtu wa nasaba yake na zama zake, na mwalimu asiogope kulisema hilo darasani. Lakini shairi haliishii katika magofu. Linaendelea hadi kaburini, na kutoka kaburini hadi siku ya hesabu, na siku hiyo anayesimama mbele ni aliyedhulumiwa, akimtaka Mungu amwamulie baina yake na aliyemdhulumu. Moyo unaoambiwa utazame jambo hilo ni moyo wa mtu wa ukoo mkubwa. Yaani safari iliyoanza kwa kujiuliza "kwa nini sizinduki?" imefika penye swali la haki, ambapo mwenye nyumba na aliyempepea wanakuwa sawa. Mshairi hakuwataja watumwa kwa majina, lakini alifungua mlango ambao wao pia wanaweza kuingia.

Kabla ya kufika kwa Kezilahabi yatupasa tupite kwa Shaaban Robert, ingawa hatutakaa sana. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, mwandishi anatuonyesha mtu aliyerudi kutoka katika vita vikuu vya pili, akaacha kazi ya mshahara mzuri mjini na kwenda kulima katika kijiji cha Busutamu. Utubora naye anatafuta utulivu wa nafsi wakati wa machafuko. Kitabu kina maneno mazuri juu ya kazi ya mikono, na katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967 kilisomwa kwa furaha. Shida yake, kwa upande wa mada yetu, ni kwamba Utubora anajijua tangu anapoanza. Hagombani na moyo wake. Moyo wake ni mtumishi mwema anayetii kila anapoamrishwa. Tunamheshimu mtu wa namna hiyo, lakini mwanafunzi aliyechanganyikiwa hawezi kumwuliza njia, maana Utubora hakuwahi kupotea.

Kazimoto amepotea. Yeye ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anarudi kwao Ukerewe, na ni yeye anayetusimulia. Tunapenda kusema mapema kwamba ni msimulizi hodari. Anaona vizuri na haogopi kusema anachokiona. Anaona ushirikina wa wanakijiji na namna wanavyomtazama msomi kama mgeni. Anaona majivuno ya wasomi wenzake waliopata vyeo. Anaona unafiki katika mapenzi. Anabishana na watu juu ya Mungu na kifo kwa ukali wa mtu ambaye hatishwi na jina la kitu. Sehemu kubwa ya anayoyasema kuhusu wengine ni kweli, na ndiyo maana vijana waliposoma riwaya hii walijisikia kwamba hatimaye kuna mtu anayesema yaliyo moyoni mwao.

Hata hivyo, katika kuona kwake kote hatumsikii akiuita moyo wake na kuuambia "wewe". Anajifikiria sana, hilo ni kweli. Pengine hakuna mhusika wa riwaya ya Kiswahili kabla yake anayejifikiria zaidi. Lakini kujifikiria na kujisemesha ni vitu viwili. Anapojifikiria, anakaa juu ya nafsi yake kama hakimu aliyekaa kitini, anaipima kama apimavyo kijiji na Manase na wanawake, na hukumu ni ileile kwa wote: hakuna thamani. Elimu aliyoipata imempa uwezo mkubwa wa kuuliza maswali, lakini haikumpa mtu wa kumwuliza. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza hatari ya elimu inayomtenga msomi na jamii iliyomlea. Hati ile ilizungumza juu ya shule na taifa. Miaka saba baadaye Kezilahabi alituonyesha utengano huohuo ulivyo ndani ya kifua cha mtu mmoja: Kazimoto ametengwa na kijiji, kisha ametengwa na rafiki, kisha, pasipo kujua, ametengwa na Kazimoto.

Mambo ya Manase yanalidhihirisha hili kuliko falsafa yote iliyomo kitabuni. Manase ni rafiki yake na msomi mwenzake. Manase ndiye aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia akafa. Kazimoto ana kila sababu ya kumhukumu, na anamhukumu. Lakini mwandishi anamfanyia Kazimoto hila ambayo mwenyewe haitambui: anamwoza Sabina, dada yake Manase, na kuzifunga nyumba mbili kwa kamba moja. Manase anapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, na baadaye mtoto wa Kazimoto naye anazaliwa vivyo hivyo. Nyani haoni kundule, ndivyo wasemavyo Waswahili; na hapa nyani ameletewa kioo. Mtu aliyekuwa hakimu na mtu aliyekuwa mshtakiwa wana mzigo mmoja mikononi. Kwa maneno ya kila siku kichwamaji ni mtu ambaye akili yake haikutulia. Riwaya inalichukua jina hilo la dhihaka na kulirudisha katika mwili wa mtoto mchanga, na baada ya hapo hatuwezi kulitumia tena kwa kicheko.

Tuulinganishe sasa ushahidi wa kazi hizi mbili. Moyo wa mshairi wa Pate ulipelekwa mbele ya nyumba tupu; Kazimoto anawekwa mbele ya mtoto. Nyumba ni mambo yaliyopita, na aliyeiona bado ana muda wa kurekebisha njia yake. Mtoto ni mambo yajayo, na kwa Kazimoto ushahidi huo unaonekana kuwa hukumu isiyo na rufani. Anajiua. Wahakiki waliomlaumu Kezilahabi walikichukua kifo hiki kuwa ndilo neno la mwandishi kwa taifa, kana kwamba ametuambia sote tukajiue. Sisi hatukubaliani nao. Mwandishi anajua mengi ambayo msimulizi wake hayajui, na ujuzi huo ameuweka katika mpango wa matukio: katika kulinganisha watoto wawili, katika kuoanisha nyumba mbili, katika kumpa mtu mwenye macho makali kiasi kile jina la kitabu linalomcheka. Msomaji anayefika mwisho ameachiwa kazi ambayo Kazimoto hakuifanya. Ni yeye sasa anayepaswa kuuliza, na anayeulizwa ni yeye mwenyewe.

Je, tunataka kusema kwamba Kazimoto angeokoka laiti angekuwa mcha Mungu kama Sayyid Abdallah? La hasha. Jibu hilo ni jepesi mno, tena haliwafai walimu wanaofundisha watoto wa dini zote na wasio na dini. Tunachosema ni kwamba mshairi wa Pate alirithi lugha ya kujisemesha. Katika mji wake kulikuwa na mawaidha, na toba, na kawaida ya mtu kuihesabia nafsi yake aliyoyatenda. Hata watu waliolinakili shairi lake na kulihifadhi kwa moyo walikuwa wakilitumia kujisemea wao wenyewe. Mtunzi aliposema "ewe moyo," kila msikilizaji alijua kwamba ni zamu yake. Kazimoto alizungukwa na urithi wa namna nyingi, wa wazee wa Ukerewe, wa kanisa, wa vitabu vya Chuo Kikuu. Lakini kila mmoja alijifunza kuutazama kwa nje. Hakuna hata mmoja uliompa neno la kuuitia moyo wake. Huo ni upungufu wa malezi, na malezi ni kazi ya utamaduni. Wakati taifa lilipokuwa likijitengenezea lugha ya mikutano, ya ofisi na ya magazeti, lugha ya mtu kukaa na nafsi yake iliachwa ijitafutie riziki.

Kwa sababu hiyo tungependa kuwaomba walimu jambo moja la darasani. Al-Inkishafi lisomwe kwa sauti kabla halijachambuliwa. Wanafunzi wa bara huliogopa kwa lahaja yake, lakini wakishaambiwa kwamba "nti" ni nchi, "mato" ni macho na "ndia" ni njia, woga mwingi huwatoka. Kisha waombwe watafute ni wapi mshairi anasema na moyo, ni wapi anasema na Mungu, na ni wapi anasema nasi. Zoezi hilohilo lifanywe kwa kurasa chache za Kichwamaji. Mwanafunzi atakayegundua kwa macho yake kwamba Kazimoto hamsemeshi mtu wa ndani, huyo amejifunza uhakiki zaidi kuliko aliyekariri kwamba riwaya ina dhamira sita na mbinu tisa. Tena tusiwaulize wanafunzi mbele ya wenzao kama wao nao huisemesha mioyo yao. Swali hilo wataondoka nalo.

Kezilahabi mwenyewe hakuliacha jambo hili mwaka 1974. Miaka kumi na sita baadaye, katika Nagona ya 1990, na tena katika Mzingile ya 1991, aliliacha kabisa pazia la uhalisi na kumtuma msafiri katika nchi ya mafumbo. Huyu naye anasema "mimi" kama Kazimoto. Lakini anatembea kwa miguu, anawakuta wazee na wendawazimu na wanafalsafa waliokufa zamani, na hao hawamwachi apite hivihivi. Wanamdai majibu. Wanafunzi wanaosema kwamba Nagona hakieleweki wana haki yao, kwa maana ni kitabu kigumu kwa mtu wa umri wowote. Waanze basi kwa jambo lililo rahisi: wahesabu ni mara ngapi msafiri huyu anaulizwa swali, na ni nani anayemwuliza.